Kifua cha Askari Okot

Asubuhi hiyo Atim alikuwa ameketi kizingitini mwa nyumba yao, katika kambi ya askari magereza Luzira, miguu ndani ya beseni la maji baridi, kwa kuwa hakuna kiatu kilichokubali tena kumwingia. Mumewe, Okot, alikuwa kando yake akipiga pasi sare. Mimba ilikuwa ya miezi saba, ya watoto watatu, na kichwa kilikuwa kinamgonga tangu juzi.

Mimba hiyo waliipata kliniki ya kupandikiza mimba, baada ya miaka mingi ya kuulizwa na ndugu kulikoni. Huko walimwekea tumboni viinitete vinne, mimba changa zilizotungwa maabara, kwa mpigo. Siku mashine ilipoonyesha mioyo mitatu ikipiga, wahudumu walimpigia makofi, wakampiga picha ya kutundika ukutani, wakamwambia kazi yao imekwisha, sasa atafute hospitali ya kumtunza. Asubuhi hii alipowapigia simu kuhusu kichwa, aliyepokea alimjibu kwa upole kwamba kichwa si mambo ya uzazi.

Okot hajamaliza hata mikono ya shati, Atim akaanguka na kifafa cha mimba.

Hospitalini walimpasua haraka. Watoto walitoka wakiwa hai, kila mmoja saizi ya samaki ngege mdogo wa soko la Ggaba. Wodi ilikuwa na mashine moja ya joto kwa ajili ya watoto njiti, na ndani yake walikuwa wamelala tayari wawili wa watu wengine. Muuguzi Zubaida alimbanisha humo kifungua mimba, msichana. Akabaki na wavulana wawili mikononi, hajui awapeleke wapi. Ndipo alipoona shati la Okot, aliyekuwa akisubiri mlangoni, linafuka mvuke. Akamgusa kifua, akaondoa mkono, akasema, "Afande, wewe una moto kuliko mashine yetu. Fungua vifungo."

Okot akafungua. Wavulana wakalazwa juu ya ngozi yake, wakaacha kutetemeka. Alasiri umeme ukakatika. Zubaida alikuwa ameitwa chumba cha upasuaji, na aliporudi mashine ilikuwa imepoa, msichana na wenzake wamepoa pia.

Atim alipozinduka aliuona ulimwengu kama kupitia kioo chenye moshi, na macho yake hayakupona tena. Aliuliza watatu, akaonyeshwa wawili.

Nyumbani joto la Okot halikuisha. Kazini, bunduki aliyoishika ilikuwa ikimchoma mwenzake wakati wa kupokezana zamu, kwa hiyo mkuu wa gereza alimwondoa lindoni, akamwamuru akae nyumbani, mshahara uendelee. Majirani walianika nepi mgongoni kwake. Marie-Louise, Mkongomani muuza vitenge, alileta kijukuu chake kilichozaliwa kabla ya wakati, akasema tu, "Baba, ubebe na huyu." Wakafuata wengine. Hospitali nayo ikaanza kumletea watoto njiti wake. Mashine haikutengenezwa tena, ikawa ya kuhifadhia glavu.

Mwishowe daktari wa kliniki alikuja mwenyewe, akapewa kiti na chai. Alieleza kwamba wateja wake wengi hujifungua mapema, akaomba awe anawaelekeza hapa.

"Daktari, uliniwekea wangapi?" Atim akauliza.

"Wanne, Mama. Tulitaka kukuongezea bahati."

"Uliniambia bahati hiyo inaweza kuniua?"

Daktari alisema mambo hayo huelezwa kwa jumla.

"Na binti yangu, kwenu yuko wapi?"

Alijibu bila ubaya wowote. "Sisi tunahesabu moyo unapoanza kupiga. Kwetu, Mama, una watoto watatu."

Atim akamnyang'anya kikombe, akammwagia chai yote juu ya viatu. Okot hakuweza kuinuka, alikuwa na watano kifuani. Lakini joto lake lilipanda mpaka mkeka ukaanza kunuka kuungua, watoto wakalia, ikabidi aimeze hasira yake kwa ajili yao. Daktari alijifuta kwa leso, akashukuru kwa mapokezi, akaenda zake.

Haikupita wiki, wakaanza kuja kina mama wenye mifuko ya kliniki. Atim aliwafungia mlango. Alisimama nyuma yake akiapa kwamba kazi ya mtu yule hataifanya, mpaka aliposikia upande wa pili kitoto kikilia kwa sauti nyembamba kama ya paka, kisha kikanyamaza. Akafungua. Tangu hapo hakufunga tena, ila kila aliyeingia alimwuliza waliweka wangapi. Wanne, walijibu. Wanne.

Mwaka uliofuata alikuja Akwero, mke wa polisi, akishikiliwa na dada yake kwa kuwa miguu ilikuwa bado imevimba, na mtoto mmoja ndani ya kitenge. Atim akamwuliza kama alivyowauliza wote.

"Watano," akasema Akwero. "Nilimwambia daktari naogopa. Akasema siku hizi hakuna cha kuogopa, Okot yupo."

"Na wengine?"

Akwero akafunua kitenge, akamtoa huyo mmoja aliyebaki.

Atim akampokea mtoto. Okot akawasogeza waliokuwepo, akafungua kifungo cha mwisho.