Ua la Nietiwe

1.
TANGAZO

Kikundi cha wazalishaji wa mbegu za vitunguu kinawatangazia wanakijiji wote: kitunguu chochote kilichochanua nje ya shamba la mbegu king'olewe kabla ya Jumamosi. Nyuki watatuchanganyia mbegu. Atakayekaidi

2.
Atakayekaidi ni mimi. Naitwa Nakunda.

Wewe unayesoma, chuchumaa hapa pembeni ya migomba. Usikanyage, ni kaburi la dada yangu Nietiwe. Tufe hilo la zambarau ndilo wanalolitaka. Ni ua la mapambo; alilileta kutoka Moshi, kwenye bustani alikokuwa akifanya kazi, akalipanda kwenye kopo. Likatoa majani tu. Alipofariki nikalihamishia kwake. Mwaka huu limechanua.

3.
Yaliyosikika bombani:

— Kapanda kitunguu juu ya kaburi.
— Si kikitoa ua kimeshaharibika?
— Kwake ndiyo kimenoga.

4.
Jinsi ya kulitambua

Jani: la kitunguu cha shambani ni kama mrija. Hili ni bapa.
Bua: la shambani lina tumbo, ndani tupu. Hili limejaa.
Ua: la shambani jeupe. Hili, jionee.
Harufu:

kitunguu. Sitakudanganya.

5.
Mwenyekiti wa kikundi, Mbwambo, alisugua jani, akanusa, akasema kitunguu ni kitunguu. Nikamkatia majani mawili, moja la shambani, moja la kwangu. Akayatazama sana. Akakubali kwamba hayafanani, ila kikundi hakiwezi kuweka mbegu za msimu mzima rehani kwa maneno yangu. Akaniomba nikate ua tu, shina nibaki nalo. Aliomba kwa upole, na upole wake ndio ulionikasirisha.

"Nietiwe alilisubiri mpaka akafa, hakuliona," nikamwambia. "Sikati."

6.
Jumamosi.

Kwetu hakuna anayetia jembe kwenye kaburi la watu bila ruhusa ya wenyewe. Wanakamati wa kikundi wanalijua hilo. Wamekuja mikono mitupu, wakitegemea nitang'oa mwenyewe kwa aibu.

Aibu sina. Nimeingia ndani, nikatoka na jembe, nikampa Mbwambo.

"Ruhusa nimekupa, mwenyekiti. Mwambie Nietiwe unachokitaka, halafu uanze."

Ameshika mpini. Wenzake wanatazama migomba. Mimi namtazama yeye.

Nyuki.

Mmoja tu. Ametua juu ya ua, anazunguka taratibu, na Mbwambo bado hajainua jembe.