Mtani Nje ya Mlango

…kuna mtu yeyote unayemlaumu kwa maumivu haya, mzee wangu, ndivyo alivyouliza huyu binti, na kalamu ameishika juu ya karatasi, haijagusa, na Mzee Anuari aliitazama ile kalamu akajiambia jibu si unalo, sema hakuna, hivyo ndivyo mkewe Zuleha alivyomfundisha jana akimchua kiuno, ukiulizwa kulia useme hulii, ukiulizwa usingizi useme unalala fofofo, ukiulizwa watu useme huna kinyongo na mtu, baba Saada, wale wakiuona moyo wako umechafuka mashine watampa mwingine, na yeye aliitikia tu, kwa sababu mashine aliitaka, aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu ujana, kijidude cha ukubwa wa kiberiti, wanakishonea chini ya ngozi, waya wake mwembamba unaingia kwenye uti wa mgongo, unapeleka umeme kidogo kidogo na maumivu yanageuka kuwa kama mtekenyo, hivyo alivyoelezwa, mtekenyo, miaka mitatu ya moto igeuke mtekenyo, nani asingetaka… lakini kwanza sharti upimwe akili, na neno hilo lilimchoma, yeye Anuari bin Hamidi Nambute wa Nambambo, aliyesoma kwa Waingereza akaandika hati ambayo mwalimu aliwaonyesha wenzake, aletwe Ruangwa kwenye kambi ya madaktari bingwa kuulizwa kama ana akili, na wa kumuuliza ni binti anayelingana na mjukuu wake, ingawa adabu anayo, alisema shikamoo kabla ya kukaa, akasema naitwa Miriam Gidioni, siyo Mariamu, babu, ni Miriam, na hilo Anuari alilipenda, mtu anayelinda jina lake…

"Nesi!" Ni sauti ya Halfani, huko nje kwenye benchi, sauti ile haijui ukuta. "Huyo Mmwera mmemwingiza kupimwa akili? Mtapima nini, dada yangu? Ungo mtupu huo, mtapepeta upepo!" Nesi akacheka, babu wewe una maneno, huyo si ndugu yako uliyemleta? "Ndugu? Astaghfirullah! Mimi Mngindo, huyu mtani wangu, nimekuja kusubiri maiti," na benchi zima likaangua kicheko, na Miriam Gidioni naye akatabasamu akiinamia karatasi yake, hata huyu, alijisemea Anuari, hata huyu wa kutoka Dar es Salaam, hakuna asiyecheka Halfani akisema… walicheka vivyo hivyo siku ile, shambani, ufuta ulikuwa umeshaanza kukauka na ng'ombe wa Kashinje, yule Msukuma aliyehamia na mifugo yake, waliingia kama waliokaribishwa, na Anuari akaenda na fimbo kuwafukuza, na dume moja jekundu likamgonga kwenye nyonga likamtupa tutani, basi, likaenda zake, na yeye akaketi, ndiyo, aliketi, alikumbuka udongo wa moto chini ya viganja, aliketi akamtukana Kashinje na ukoo wake na ng'ombe wake mmoja mmoja, na Kashinje akasema nisamehe mzee, akakimbilia kundi lisizidi kuharibu, halafu… halafu watu wakaja na Halfani mbele yao, na Anuari akasema maneno ambayo mtu hasemi mbele ya mtani wake, alisema jamani nakufa, yakamtoka tu, na Halfani akapiga kelele ya furaha, "Kufa basi, Mmwera! Tumekusubiri mno! Leteni sanda, viatu vyake ni vyangu!" akamvua viatu, akavivaa, akatwaa kanga ya mwanamke mmoja akamfunika gubigubi, na watu wakaanguka kwa kucheka, kwa sababu utani ndivyo ulivyo, mtani ana haki ya kukuzika ungali hai, na wewe sharti ujibu, ukinuna umevunja jambo kubwa, naye akajibu, alijibu chini ya kanga kwamba Mngindo hazikwi na mtu ila na fisi, wakacheka zaidi, wakamnyanyua, wawili mikono, wawili miguu, kiuno kikining'inia, wakamzungusha pale shambani wakiimba wimbo wa kilio huku wanambembeza kama jeneza la mchezo, huku na huku, na katika kubembea huko kitu kikakatika ndani, alikisikia, kama kijiti kikavu, akapiga yowe lisilokuwa la mchezo, na lile yowe ndilo lililowachekesha kuliko yote… mwigizaji huyu, walisema, angalieni Mmwera anavyojua kufa… "Mzee Anuari," alisema Miriam, "usiharakishe, hakuna jibu baya," na yeye akatikisa kichwa kana kwamba anafikiri, jibu baya lipo, mwanangu, hujalisikia tu, daktari wa kwanza alikaribia kulisikia, alitazama picha ya mifupa akauliza mzee uliinuliwaje pale ulipoanguka, na Halfani alikuwa amesimama pale pale, amemshika kwapa, na Anuari akasema ng'ombe, daktari, ni ng'ombe, maana ungesemaje, unakwenda wapi kumshtaki mtani, baraza gani lipo, mtu atakuuliza alikufanya nini na wewe utasema alinitania, watakutazama kwa huruma, watasema kweli mgongo umepanda kichwani… lakini kosa lililotokea haliwezi kukaa bila mwenyewe, kwa hiyo wakampa Kashinje, baraza la kata lilijaa mpaka madirishani, na Kashinje alisimama kofia mkononi akasema mzee wangu, ng'ombe wangu alikugonga, sikatai, lakini nilikuacha umeketi, unanitukana vizuri kabisa, na watu wakamzomea, mgeni huyo, ng'ombe wake wanakula jasho letu halafu anasema vizuri kabisa, na Anuari alikuwa amelazwa kwenye mkeka pale mbele, angetamka neno moja tu, ndiyo, niliketi, na hakulitamka, na Kashinje akahamishwa na mifugo yake, akaondoka kuelekea Kiegei na zaidi ya Kiegei, na kabla hawajaondoka mkewe Rahabu alileta maziwa kwenye kibuyu, akakiweka mlangoni, na yeye Anuari akamwambia Zuleha mwaga, akayasikia yakimwagika, na miaka mitatu amemchukia Kashinje kwa bidii, kama mtu anayepalilia shamba la mwenzake… "Nakuuliza hivi kwa sababu," Miriam alisema taratibu, "kuna maumivu ambayo ule waya unayafikia, babu, na kuna mengine yamekaa mahali usipofika. Tukikosea, tutakupasua bure," na nje Halfani anamweleza nesi jinsi alivyombeba Mmwera wake leo tangu Nambambo, mzito kama deni, huyu, na ni kweli alimbeba, miaka mitatu anambeba, hospitali, msikitini, chooni Zuleha asipokuwepo, hajui alichofanya, au anajua na utani ndio pazia lake, na kila anapomtia mkono kwapani kumpandisha kwenye bajaji Anuari huguna, huguna zaidi ya anavyoumia… na hapo akakwama, fikra ikasimama kama ng'ombe mbele ya mto, huguna zaidi ya anavyoumia, kwa nini, wakati akiwa na Zuleha hung'ata meno akanyamaza, na kwa Halfani huguna, na uso wa Halfani kila mara hukunjamana kidogo kabla hajatafuta mzaha wa kuufunika, kidogo tu, na kile kidogo Anuari amekuwa akikila kama chakula, hasira haruhusiwi, kununa haruhusiwi, kushtaki haruhusiwi, lakini kuguna nani atamkataza mgonjwa asigune, ndiyo kesi yake pekee aliyobakishiwa duniani na anaiwasilisha kila siku, na sasa watatia waya, moto uwe mtekenyo, na Halfani atamshika kwapa na yeye hatakuwa na cha kugunia, watacheka wote wawili kama zamani, mambo yameisha, Mmwera amepona… na jina la Kashinje, alilokuwa ameliweka tayari ulimini endapo lile neno hakuna lisingemtoka, likayeyuka, halikuwa na ladha tena, lilikuwa jina la mtu aliyesema kweli kofia mkononi, na chini yake lilikuwepo jina jingine, zito, la mtu aliyevaa viatu vyake mpaka leo, kwa sababu viatu hakuvirudisha, ni haki ya mtani, anavyo miguuni huko nje, Anuari anavisikia vikikwaruza sakafu…

"Mzee Anuari?" Miriam alisema, na kalamu ilikuwa pale pale, haijagusa karatasi.

"We Mmwera!" Halfani alipiga kelele dirishani. "Bado hujafa humo? Tuondoke, njaa inaniuma!"

Benchi likacheka, kisha likasubiri jibu la mtani, kwa kuwa jibu ni lazima, na Mzee Anuari, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kumwacha Halfani bila jibu, alifumba mdomo akautazama mlango, na ukimya ule ukakaa, na ukakaa, mpaka viatu vikaacha kukwaruza.