Mutu wa Kupokea Rapport

"Yaya, unipe blouse yangu ya kazi." Syauswa alishapandisha sauti mpaka majirani balinyamaza.

"Blouse haiko." Yaya yake Kanyere, dada yake mukubwa mwenye kuuza samaki, alisimama mbele ya beseni zake kama askari wa barrière ku barabara. "Enda ukanishitaki."

"Motoka ya Beni inaondoka saa mbili. Muuguzi mwenye zone ya afya ilituma anipumuzishe anarudia kwao leo."

"Arudie. Siku tatu uko hapa Butembo, kila asubui nakusikia kwa ukuta unahesabu bitanda: lit ya kwanza, lit ya pili. Unaongea na nani, weye? Batu balishaanza kuniuliza kama mudogo wangu muganga iko bien mu kichwa."

"Natoa rapport."

"Kwa nani?"



Basi, ku centre ya afya yao, pembeni ya Beni, bainfirmier, ni kusema bauguzi, balikuwa batatu. Kila asubui, mwenye alilala garde ya usiku alikuwa anaketi ku banc ya mbao na mwenye kuingia, anamupa rapport, habari ya bagonjwa, kitanda kwa kitanda. Joyeuse, mukubwa wao, aliongeza kakitu: ukimaliza unasema "nimetua", mwenzako anajibu "nimebeba". Kiisha unaenda kulala, shingo nyepesi kama ya mama mwenye ameangusha kuni. Hivyo njo balivumilia hata juma ya bapanga, wakati baasi balikata batu mu vijiji. Lakini Joyeuse alikimbilia Lubero, Éphraïm, mwenzao wa tatu, akaenda kufanya kazi ya douane ku mupaka wa Kasindi. Syauswa akabaki na banc. Miezi ine anatua, hapana mutu wa kubeba.

"Bakia," Kanyere alisema. "Tutakuwa tunaenda pamoja kuchukua samaki Kyavinyonge. Samaki hailie, weye. Hailaze mutu macho."

"Yaya, keti kwanza. Unipokelee rapport mara moja tu. Njo kitu kilinileta."

Kanyere akaketi, mikono ku magoti, sura ya mutu anangoja sindano.

"Lit ya kwanza, mama wa malaria, anakula sasa. Lit ya pili, muzee wa panga ku bega. Kidonda inakauka, mais kila mangaribi ananiuliza mbuzi yake ilibaki na nani. Lit ya tatu, katoto ka miaka sita, Elikia. Haongee. Nikipita, anashika mufuko ya blouse. Ile siku, mama yake..."

"Inatosha." Kanyere alishaweka mikono ku masikio. "Batoto bangu banalala mu hii chumba, Syauswa. Ukinipa ile, nitaiweka wapi?"

Hakuwa mubaya. Alikuwa na yake ya kubeba, na Syauswa alijua. Njo ilimuuma zaidi, ju hapakuwa mutu wa kukasirikia.

"Nilimuambia Elikia nitarudi kisha siku tatu," alisema pole. "Leo njo ya tatu."

Kanyere akasimama, akainua samaki ya kukausha, akatoa chini ya beseni ile blouse, imekunjwa muzuri ndani ya sachet ya plastiki.

"Itanuka."

"Bagonjwa balishanusa mubaya kupita ile."

Kanyere alitaka kucheka, ikakataa. Syauswa akavaa, akafika ku mulango, akageuka.

"Nimetua, yaya."

Akangoja ile "nimebeba". Kanyere aliinama, akaanza kupanga samaki upya, moja moja, bichwa upande moja. Syauswa akatoka, akavuta mulango pole pole, vile banafanya kwenye bagonjwa bamelala, akaufunga.