Sanda ya Bei Mpya

Alhamisi ile Randu aliacha uji nusu bakuli, maana king'ora cha ghala la katani la Changamwe siku hizo kililia mapema. Adhuhuri wenzake walimrudisha juu ya ubao. Marobota yalikuwa yamemwangukia.

"Zamani tulipanga matatu kwenda juu," Tsofa, aliyefanya kazi naye, alimwambia Kafedha, mjane wa Randu. "Tangu shilingi iliposhushwa thamani Septemba, Wamarekani wananunua kama wana wazimu. Tukaambiwa tupange matano."

Kwao maiti hufungwa nguo mpya ya marekani, kipande kimoja, toka utosini hadi nyayoni. Karani wa ghala, Phineas, alimpa Kafedha pesa za sanda, kiasi kile kile alichopewa kila mjane wa ghala. Mwenye duka akapima, akasimamisha mkasi.

"Zinafika hapa, mama."

"Mwezi juzi zilifika nyayoni."

"Mwezi juzi shilingi ilikuwa shilingi. Nguo yatoka ng'ambo."

Kafedha akarudi kwa Phineas na kipande mkononi.

"Pole, mama. Lakini shilingi ikishuka, wageni huona nchi ni rahisi, wakaleta mitaji. Leo wamekuja wenyewe. Wanataka kujenga ghala la pili."

"Kilicho rahisi ni nini?"

"Katani. Ardhi. Kazi."

"Na Randu."

Phineas aliifunga kalamu yake. "Chukua gunia, ushonee pale chini. Nani atafunua?"

"Gunia lenu libakie na katani yenu."

Nyumbani wifi yake, Nyevu, alivua leso begani. "Mfunike miguu, wifi. Watu wanatazama."

"Jifunge leso yako. Aibu hii si yetu."

Njia ya makaburi ya kanisa ilipita nyuma ya ghala. Kafedha alitangulia, akawageuza wachukuzi, wakapita mbele, langoni. Nyayo za Randu zilitokeza mwisho wa kitanda cha maiti, nyuzi za katani zingali kwenye nyufa. Barazani wageni walisimama. Mmoja alivua kofia. Mwingine aliuliza jambo, na Phineas akamjibu huku akitazama chini. Kafedha aliwaambia wachukuzi wasimame. Wakasimama, mpaka king'ora kikalia na lango likafungwa.

Ghala la pili limekwisha kujengwa. Tsofa yumo kazini. Marobota hupangwa saba kwenda juu.