Machozi ya Mheshimiwa Lavertu

Jumanne ya pili ya Oktoba, saa moja na nusu asubuhi, Alphéda Thibodeau alikuwa jikoni akimimina uji mzito wa unga wa ploye kwenye chuma cha moto. Ploye ni chapati ya upande mmoja. Haigeuzwi, na ikiiva hutoboka vitundu tele juu. Za Alphéda zilitoka nyekundu, kwa kuwa maji ya kisima chake yalikuwa mekundu, huu ukiwa mwaka wa sita. Alionja kipande, akakitema, akazimwaga zote kwa kuku. Kuku nao siku hizi walikuwa wakiziona wanageukia pembeni.

Nje ya dirisha, bango la kampeni likakohoa.

Lilikuwa bango la Normand Lavertu, mbunge wa Saint-Fabien-du-Coude, mji wetu mdogo wa Kanada, kwa muhula wa nne. Huku kwetu, uchaguzi ukifika, kila mwenye mgombea wake huchomeka bango kwenye nyasi za mbele ya nyumba, na kura zikishahesabiwa, sheria ya mji inataka liondolewe ndani ya wiki. Wiki tatu zilikuwa zimepita. Alphéda alimpigia Lavertu kura mara zote nne, na aliwaambia majirani kwamba hataling'oa ng'o.

"Aje aling'oe mwenyewe," alisema. "Akija nitamuuliza nani alitia saini."

Saini aliyoitaka ilikuwa chini ya karatasi moja tu. Karatasi hiyo ndiyo iliyokiruhusu kiwanda cha mbolea kumwaga taka zake kilimani, juu kidogo ya kisima chake. Kiwanda kilishafungwa na mwenye kiwanda akahamia Florida kuota jua, lakini ruhusa haijitoi yenyewe; kuna mkono ulioshika kalamu. Alphéda alikuwa ameandika barua arobaini na moja kuuliza ni mkono wa nani. Aliletewa majibu arobaini na moja ya kumwomba radhi. Serikali yetu ina makosa mengi, ila adabu haijawahi kuikosa. Na binti yake kule mjini Moncton alikuwa ameshasema: theluji ya kwanza ikianguka kabla kisima hakijatengenezwa, anakuja kumchukua mama yake akakae naye ghorofa ya nne, dirisha likitazama maegesho ya magari.

Alhamisi alikuja askari wa mji kuling'oa lile bango. Alilivuta, akapiga goti, akalivuta tena, kisha akachimba kidogo kwa kidole na kukuta mizizi minene kama kifundo cha mkono. Akaandika kwenye daftari lake kwamba huo ni mti, na miti ni ya idara nyingine.

Alipoondoka, Alphéda alitoka na sweta lake mabegani akasimama mbele ya bango. Uso wa Lavertu ulikuwa umevimba kidogo kwa umande, na macho yalimfuata.

"Nani alitia saini?" akauliza.

"Pole sana, mama," bango likasema. "Nimekusikia."

Likaanza kulia. Machozi yalitiririka mashavuni, yakapita juu ya jina la chama, yakadondoka kwenye nyasi. Yalikuwa meupe, yenye ubaridi wa chemchemi, na Alphéda alipoyaonja hayakuwa na chumvi hata kidogo. Mizizi ilikuwa imeshuka chini zaidi ya kisima. Akaenda kuchukua ndoo. Asubuhi hiyo ploye zake zilitoka na rangi ileile ya jikoni kwa mama yake, na alipozipaka siagi naye alilia kidogo, kwa furaha na kwa hasira, akiwa peke yake mezani.

Ikaonekana upesi kwamba bango halilii ovyo. Ukililalamikia bei ya mafuta, linatikisa kichwa. Ukililalamikia barabara, linakubaliana nawe. Ni lile swali la saini tu lililolitoa machozi, na kila swali lilitoa ndoo moja.

Wilfred Thibodeau, ndugu wa marehemu mume wa Alphéda, alikuwa mtu wa ng'ambo ya mto, Maine, upande wa Marekani. Alivuka daraja kila siku baada ya chakula cha mchana ili abishane na shemeji yake kuhusu nchi ipi imeoza zaidi, na maofisa wa forodha wa pande zote mbili walikuwa wamechoka kumwomba pasipoti.

"Nyie Wakanada mna kasoro," alisema alipoiona ndoo. "Mtu anakutilia sumu kisimani, wewe unamkingia machozi!"

"Na nyie je? Tangu nizaliwe nasikia mnapiga kelele. Mmepata nini?"

"Tumepata haki ya kupiga kelele, shemeji."

"Basi piga taratibu, kuku wanataga."

Kesho yake Wilfred alikuja na bango la kwao, la Dwight Colbath, aliyegombea useneta, akalichomeka karibu na uzio ili lioneshe mfano. Kufikia jioni lilikuwa limeota mizizi. Alphéda akaliuliza nani alitia saini. Colbath akalaumu serikali iliyopita, akalaumu serikali ijayo, akasema yeye kisima hicho hakijui lakini aliyekichimba alikuwa mpuuzi, kisha akaomba achangiwe kampeni. Alisema yote hayo kwa nusu saa bila kumeza mate. Chozi halikumtoka.

"Angalau huyu hajifanyi ana huruma," Wilfred alijitetea.

"Wala maji hana," akasema Alphéda.

Majirani wakawa wanakuja na viti vya kukunja na themosi za chai. Upande wa Lavertu walikaa waliotaka kupewa pole. Upande wa Colbath walikaa waliotaka kuambiwa ni kosa la nani. Wengine walihamisha kiti baada ya nusu saa. Mwishoni mwa Oktoba akaja Lavertu mwenyewe na mpiga picha. Alphéda alivua aproni, akamuuliza swali lake uso kwa uso. Mbunge alifungua kinywa, lakini bango lilikuwa limeshaanza kulia, na kwa kweli lililia vizuri kuliko yeye angeweza. Alilitazama kwa heshima.

"Sina la kuongeza," akasema, akapigwa picha, akaondoka. Tangu siku hiyo mlango wa ofisi yake ulibandikwa karatasi iliyosema wenye shida waende kwa Madame Thibodeau, wazungumze na bango.

Ndipo ilipofika barua ya arobaini na mbili, na hii ilikuwa na jambo. Mpimaji wa maji angekuja kutoka Fredericton, makao makuu ya jimbo. Iwapo angethibitisha kwamba nyumba haina maji safi, serikali ingechimba kisima kipya, na jalada lote lingefunguliwa, pamoja na ile karatasi na saini yake. Alphéda aliisoma mara mbili, akaketi.

"Sasa nisikilize," Wilfred alimwambia. "Mpe maji ya bomba. Yale mekundu. Usimpe kitu kingine. Hata kiti usimpe."

"Mtu amesafiri saa tatu, asinywe hata chai?"

"Shemeji, nakuomba. Siku moja tu maishani, kuwa mchoyo."

Mpimaji aliitwa Murray Steeves, mtu wa makamo mwenye mafua. Alijaza chupa tatu kutoka kwenye bomba la jikoni, akazinyanyua dirishani, akakunja uso, akaandika sana. Alphéda alikuwa anaona kalamu ikienda na roho yake ikienda nayo. Miaka sita! Steeves akafunga mkoba.

"Samahani kwa usumbufu, mama," alisema.

"Samahani wewe, umesimama muda wote huo."

"Samahani, nimekuchafulia sakafu."

Akapiga chafya. Wilfred, aliyekuwa pembeni ya jiko, alimkodolea shemeji yake macho. Alphéda alishika kingo za meza kwa mikono yote miwili. Alistahimili kwa muda ambao sisi tunaomjua tunauona mrefu. Halafu akaweka birika motoni.

Steeves alikula ploye nne na molasi, akanywa vikombe viwili. Katikati ya kikombe cha pili akasimamisha mkono.

"Chai hii ni tamu sana. Maji yake yametoka wapi?"

Kumdanganya mgeni aliye mezani pako ni jambo ambalo halijawahi kufanyika katika nyumba ile.

"Ya mheshimiwa," Alphéda akasema.

Steeves alitoka nje, akaliamkia bango, akamwomba mama mwenye nyumba amwoneshe linavyofanya kazi. Alphéda akauliza swali kwa sauti ndogo. Chupa ya nne ikajaa. Fomu yake ilikuwa na kisanduku cha "chanzo kingine", akakitia alama, akaaga, akaomba samahani tena. Wilfred alitoka bila kuvaa kofia, akavuka daraja, na kwa siku mbili hakuonekana.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Barua ilisema kwamba makazi ya Madame Thibodeau yana chanzo cha maji kisichokauka, kilicho hatua tisa kutoka mlangoni, ambacho ubora wake unapita viwango vyote vya nchi. Kwa sababu hiyo kisima kipya hakihitajiki, jalada limefungwa, na karatasi zake zitahifadhiwa kwa siri kwa miaka sabini na mitano. Idara ilimwomba radhi kwa kuchelewa. Alphéda alikuwa na miaka themanini na mmoja.

Theluji ya kwanza ilianguka usiku wa Jumamosi. Binti yake akaja na gari kumchukua, akanywa chai, akanywa nyingine, akasema haoni sababu ya mama kuhama nyumba yenye maji mazuri namna hii. Akarudi Moncton peke yake. Wilfred naye akaja, akakuta njia imefagiliwa theluji kutoka mlangoni hadi kwenye bango, na shemeji yake amesimama pale na ndoo.

"Nani alitia saini?" Alphéda alikuwa akiuliza, huku akitazama kuku.

"Pole sana, mama. Nimekusikia."

Ndoo ilipojaa, Wilfred aliichukua, Alphéda akasogeza nyingine na kuuliza tena. Kwa kawaida huuliza mara moja tu asubuhi na mara moja jioni, lakini siku hiyo ilikuwa Jumatatu na alikuwa na mashuka ya kufua.