Silinda ya Risasi Ndefu

Bastola ya mwenye klabu ilifika mezani kwa Rael Jumatano asubuhi, imefungwa kwa kitambaa cha kijani, pamoja na silinda zake mbili na kikaratasi kilichosema kwamba inapiga kushoto. Rael alisogeza chai yake mbali na vyombo vya kazi, akavaa miwani, akaifungua.

Ilikuwa ya mtindo wa zamani, ile ambayo kila unapotaka kupiga lazima kwanza uvute nyundo nyuma kwa kidole gumba, ndipo uguse traiga. Silinda moja ilikuwa ya risasi fupi za mazoezi, nyingine ya risasi ndefu zenye nguvu zaidi. Kuzibadilisha si kazi: unafungua kilango cha pembeni, unachomoa pini ya katikati, silinda inakuangukia kiganjani, unaingiza mwenzake. Kazi ni kuzifanya zote mbili zikae sawa, kwa sababu hata zikitoka kiwanda kimoja siku moja, kila moja ina tabia yake.

Rael alizijua tabia hizo. Kabla ya kuja Qatar alikuwa fundi kwa miaka tisa katika ghala la silaha la walinzi wa wanyamapori, na huu ulikuwa mwaka wake wa tano katika klabu hii ya shabaha kaskazini mwa Umm Salal, pale mashamba ya mitende yanapoishia na changarawe kuanza.

Alianza na risasi fupi. Alipiga sita, zikaingia karibu karibu, kushoto kidogo. Akaandika daftarini. Kisha akatia silinda ya risasi ndefu, akavuta nyundo, akapiga moja, na mumewe Jeremiah akatokea kando ya fremu ya mita ishirini na tano, ana chupa ya gundi mkononi, akabandika kiraka juu ya tundu.

Jeremiah alikuwa amekufa Agosti iliyopita. Alikuwa mbandika shabaha wa klabu. Yeye na Rael walilala katika hosteli tofauti, kwa kuwa kampuni haikuwa na nyumba za wanandoa, hivyo ndoa yao hapa Doha ilikuwa ya mita ishirini na tano kwa siku sita, na ya benchi moja kanisani Mesaimeer siku ya Ijumaa.

Sasa alionekana kuanzia kiunoni kwenda juu. Chini ya mkanda palionekana changarawe na mguu wa fremu. Tena alikuwa kushoto, kwa upana wa kiganja, hivyo gundi ilipakwa hewani kwanza ndipo karatasi ikashika. Midomo ilisema kitu, na sauti ikafika baadaye.

"Traiga nzito hiyo. Unavuta mpaka bega linainama."

"Na silinda inachelewa kufunga," Rael alisema. "Toka kwenye mstari. Hiyo tabia hujaacha?"

Jeremiah akasogea. Mtutu ulipopoa, akaondoka.

Rael alifanya kazi siku mbili. Alitoa kijino kinachoizungusha silinda, akakikuta kimelika, akaweka kipya kirefu kidogo, akakisugua kwa jiwe laini mara tatu, akapumzika, mara moja tena, kwa sababu chuma ukishakiondoa hakirudi. Akapunguza nguvu ya springi. Akageuza skrubu ya kulengea. Kila baada ya rekebisho alipiga risasi moja kuona. Magoti yalikuja Alhamisi saa tatu. Sauti na midomo vilipatana kabla ya chakula cha mchana. Jumamosi asubuhi Jeremiah alisimama palepale alipotakiwa kusimama, mzima, na viatu vyake vya kazi, na akatembea hadi kwenye meza ya Rael, jambo ambalo alipokuwa hai hakuruhusiwa kufanya wakati wa kazi.

Scovia, Mganda wa mapokezi, alileta trei ya chai. Alipomwona aliweka kikombe cha tatu.

"Ssebo, sukari bado ni mbili?"

"Mbili, dada."

Rael alimtazama akinywa. Alitaka kumshika mkono, akaushika. Ulikuwa na joto la chuma kilichotoka kupigwa.

"Karatasi ya kifo inasema ulifia chumbani," alimwambia. "Kitandani, saa kumi na moja jioni. Moyo ulisimama wenyewe."

"Chumbani nilipelekwa," Jeremiah alisema. "Nilianguka pale kwenye fremu, saa nane mchana. Mgeni alikuwa amebakisha boksi moja la risasi, mudiri Nabil akasema nimalize naye."

"Saa nane! Si ni saa za kupumzika?"

"Ndiyo."

Kiangazi kazi za nje husimama kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu. Tangazo lilikuwa ukutani, kwa lugha sita.

Rael alimwita meneja. Bwana Nabil alitoka ofisini akijifuta paji la uso, akamsalimia Jeremiah, akamuuliza habari za nyumbani kama ilivyo adabu, kisha akafungua fomu ya malalamiko kwenye simu yake. Alikuwa mtu mpole. Alipofika kwenye namba ya ikama, kibali cha ukaazi, alisimama.

"Ikama yake ilifutwa siku aliyofariki," alisema. "Mfumo unamkataa."

"Lakini wewe si unamwona?" Rael aliuliza.

"Mimi namwona. Mfumo haumwoni."

"Basi andika wewe. Wewe ndiye uliyemwambia abaki."

Bwana Nabil aliangalia viatu vya Jeremiah. "Ni kweli nilimwambia," alisema. "Kila siku nakumbuka. Lakini hilo siwezi kuliandika mimi, Rael. Nina watoto wanasoma." Akamwomba Jeremiah msamaha, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, Jeremiah akampa mkono, na fomu ikajifunga yenyewe kwa kukaa muda mrefu bila kuguswa.

Rael alilia kidogo, akiwa amegeukia kabati la vifaa. Si kwa ajili ya fomu. Kule nyumbani Litein, mama yake Jeremiah alikuwa ameisoma ile karatasi, na majirani nao waliisoma. Mwanamume mzima, hakuugua, afie kitandani jioni? Walisema ni pombe. Mama hakubisha. Aliacha tu kukaa na wanawake wenzake baada ya ibada.

"Mpigie kwa video," Jeremiah alisema. "Mtutu bado una joto."

Scovia alishika simu ili mikono ya Rael iwe huru, na Rael akapiga risasi mbili zaidi kwenye tuta la mchanga kuongeza muda. Mama alikuwa jikoni anapukuchua mahindi. Aliisogeza simu karibu na uso, akaangalia, akazungumza kwa Kikipsigis.

"Umekonda."

"Mama, sikufia kitandani. Nilianguka kazini, kwenye jua. Na sikuwa nimekunywa chochote. Hata maji."

Mama aliweka gunzi chini.

"Nilikuzika na suti," alisema. "Mbona umevaa ovaroli?"

"Ndiyo niliyokuwa nayo, mama."

"Haya. Nimesikia. Jumapili, matangazo yakiisha, nitasimama niwaambie." Kisha akauliza kama Rael anakula vizuri, na Jeremiah akasema anakula lakini anaruka kiamsha kinywa, na Rael akagombezwa kutoka Litein kwa dakika nne.

Bastola ilipelekwa kwa mwenye klabu. Aliipiga mara moja, kwa risasi fupi, akasema sasa ni tamu, na kuanzia hapo akaiacha ghalani kwa Rael ili iwe inatunzwa. Rael aliitunza. Kila asubuhi kabla wageni hawajafika alipiga risasi ndefu moja, na yeye na mumewe wakanywa chai pamoja, wakabishana kuhusu paa la nyumba ambayo hawakuwahi kuijenga, mpaka chuma kikapoa. Mwezi wa saba chuma hakipoi haraka.

Mwezi huohuo klabu ilimwajiri mbandika shabaha mwingine. Wesley alitoka Bungoma, alikuwa na miaka arobaini na moja, na alivaa kofia aliyofumiwa na mkewe, ya sufu, kwa kuwa mkewe hakuwahi kuambiwa Doha ikoje. Jumanne ya wiki yake ya pili, saa nane na robo mchana, Rael aliinua macho akamwona ameketi kule mbele, nyuma ya ukuta mfupi wa zege unaozuia risasi na hauzuii jua.

Alikwenda ofisini. "Bwana Nabil, saa hizi ni za kupumzika."

"Ni dakika kumi tu. Mgeni ni rafiki wa mwenye klabu."

"Bwana Nabil."

"Nimemwambia anywe maji," meneja alisema, na hakumtazama.

Rael alirudi, akatia silinda ya risasi ndefu, akaenda njia ya mwisho ya kupigia uwanjani, akapiga. Jeremiah akaja. Hakuhitaji kuambiwa. Alikwenda nyuma ya ukuta akasimama kati ya Wesley na jua, lakini jua lilimpita likamfikia Wesley vilevile. Jeremiah hakuwa na kivuli. Asubuhi, chini ya paa, hawakuwahi kuliona hilo.

Rael aliirudisha bastola mezani. Aliishika silinda kwa vidole viwili, akaitikisa. Ilicheza mbele na nyuma, kwa unene wa unywele. Alichagua washa ya chuma, kipete chembamba kuliko karatasi, akaivisha kwenye pini, akajaribu, ikabana mno, akaisugua kwenye msasa, akajaribu tena. Nyundo ililia mara nne, safi, silinda ikafunga bila kutikisika. Zilikuwa zimepita dakika tisa. Akapiga.

Kivuli kiliangukia changarawe, cheusi, kipana kama mwanamume mwenye mabega.

"Ndugu, chuchumaa hapa," Jeremiah alisema.

Wesley alichuchumaa. Alivua kofia, akanywa maji, akapumua. "Asante. Wewe ni wa wapi?"

"Litein."

"Na hapa una muda gani?"

"Nilikuja tukiwa wawili, mimi na mama pale," Jeremiah alisema, akimwonyesha Rael kwa kidevu.

Mgeni hakumaliza kwa dakika kumi. Rael alibaki njia ya mwisho, na kila mtutu ulipoanza kupoa alipiga moja kwenye tuta. Ofisini, kwenye ubaridi, Bwana Nabil aliandika katika ripoti ya siku, kama alivyoandika kila siku ya mwezi ule, kwamba saa za kupumzika hakukuwa na mtu uwanjani. Kule mbele jua lilikuwa limesogea. Jeremiah akasogea nalo hatua moja, na Wesley, akiwa bado amechuchumaa, akajivuta kumfuata.