Mtamba Asiye na Namba

Programu ile niliiandika mimi mwenyewe, na nilijivunia kuliko inavyofaa. Naitwa Tumukunde. Nilizaliwa Bukavu kwa wazazi Wanyarwanda, nikarudi huku Rwanda na diploma na kiburi. Ushirika wa wafugaji hapa Kamembe uliniajiri kwa sababu ya diploma, kiburi wakanivumilia.

Kazi ya programu ilikuwa rahisi kueleza. Kila mnyama aliyepotea akaokotwa na mwanachama anaandikwa kwenye hifadhidata yetu. Mwenyewe akija kumtafuta, anajaziwa fomu ya nafasi sita: namba ya hereni ya sikioni, rangi, umri, pembe, alama ya mwilini, na sekta, yaani kata, alikopotelea. Programu inazichukua zote sita, inauliza hifadhidata, inaleta jibu. Shida ni kwamba jibu lilikuwa karibu kila mara lile lile: "Hakuna", kwa maandishi mekundu. Kwa miezi miwili walikuja watu thelathini, na waliopata wanyama wao hawakuzidi watatu. Nilishawaambia wakubwa kwamba watu wa siku hizi hawaijui mifugo yao.

Maman Mukansanga alifika Alhamisi asubuhi, vumbi la barabara ya Gikundamvura likiwa bado kwenye kitenge chake. Alikuwa anatafuta mtamba. Nilimuuliza yale sita, naye akajibu yote sita, upesi upesi, kama mwanafunzi mbele ya inspekta wa shule. Nikabonyeza. Hakuna.

"Rudia, dada," akasema. "Tafazali."

Nikarudia. Hakuna.

Akakaa kwenye benchi akaanza kulia, bila sauti, na mimi, Mungu anisamehe, nikaangalia saa.

Aliyekwenda kukaa naye ni Micheline. Huyu ni Mushi, mtu wa kabila la Bashi wa Bukavu, anavuka daraja la mpakani kila asubuhi kuja kupokea watu ofisini kwetu, na ana subira ambayo mimi sikupewa. Alimwacha alie, kisha akamwomba aeleze toka mwanzo.

Miaka minane iliyopita Maman Mukansanga alirudi kutoka Congo na watoto wawili na godoro moja. Mzee Kamali, jirani ambaye hakuwa hata ndugu yake, akampa ng'ombe. Huku kwetu ng'ombe uliyepewa anashukuriwa kwa ng'ombe: mtamba wa kwanza atakayezaliwa unampelekea aliyekupa, mbele ya watu. Tunaita kwitura. Lakini ng'ombe wake akazaa dume, akazaa dume tena, miaka ikapita, Mzee Kamali akaishiwa nguvu za miguu. Hatimaye mtamba akazaliwa, akakua. Siku ya kumpeleka ilikuwa Jumamosi hii, watu walishaalikwa. Na siku tisa zilizopita mtamba alikata kamba akaenda zake.

Sheria ya ushirika wetu inasema mnyama asiyedaiwa siku kumi anabaki kwa aliyemlisha. Kesho yake ndiyo ilikuwa ya kumi.

"Mzee ameningojea miaka munane," akasema. "Hajawahi kuniuliza hata siku moja. Sasa niende kwake mikono mitupu?"

Micheline alikuwa ameishika ile fomu. "Maman, hii numero ya hereni umeitoa wapi?"

"Ni ya mama yake."

"Na yeye mwenyewe?"

"Yeye hana. Alichanika sikio kwa senyenge akiwa mudogo, hereni ikaanguka."

Niliruka kutoka kwenye kiti. "Hana namba? Sasa mbona umenipa namba?"

Akainamisha macho. "Dada, wewe uliuliza. Muntu anakusaidia, anakuuliza kitu, utamwambia sijui? Si ni kumukosea heshima?"

Umri aliukadiria. Pembe alisema fupi kwa sababu niliuliza kama ni fupi au ndefu. Sekta alitaja Gikundamvura kwa sababu ndiko anakokaa, lakini mtamba alikokwenda nani alijua? Kati ya majibu sita, aliyokuwa na hakika nayo ni mawili tu, rangi na sikio. Mengine alinipa kwa adabu.

Nilikaa chini. Nikawakumbuka wale wengine, wote walionijibu sita kwa sita, nami nikawarudisha nyumbani na neno moja jekundu. Watu walikuwa wanaijua mifugo yao vizuri kabisa. Fomu yangu ndiyo iliyowalazimisha kusema uongo, kwa sababu hata kuacha nafasi tupu ilikuwa inakataa. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

"Maman, nipatie saa mbili," nikamwambia. Micheline akaenda kumtafutia chai.

Swali la zamani lilikuwa limeshaandikwa, limekauka kama tofali: vitu sita, vyote vilingane. Kilichotakiwa ni swali linaloandikwa pale pale, kufuatana na kile ambacho mtu anakijua. Na swali likibadilika, kishale nacho kiwe kigeu. Sisemi kile kinachotembea kwenye skrini. Katika kazi yetu kishale ni kama kidole ambacho programu inaweka juu ya majibu ili iyasome mstari kwa mstari. Changu cha zamani kilifungwa kwa swali moja maisha yake yote. Kishale kigeu unakifungulia swali lolote, ukimaliza unakifunga, kesho unakifungulia jingine.

Nikaandika, nikajaribu kwa rangi na alama peke yake. Ikagoma. Kishale nilikifungua kwa majibu sita mkononi, na swali lilikuwa na nafasi mbili tu za kuyapokea. Nikipunguza majibu yawe mawili, atakayekuja na matatu ataniharibia tena. Nilihangaika saa nzima, jasho likinitoka, na mlangoni naona kile kitenge chenye vumbi.

Mwisho nikampigia simu Vénuste, niliyesoma naye Bukavu.

"Vénuste, hii kitu sijui."

Miaka kumi tunafahamiana, na neno hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwangu. Nilitegemea acheke, lakini hakucheka.

"Acha zote sita zikae ndani ya swali," akasema. "Ile iko na jibu, linganisha. Ile iko tupu usiitoe, weka tu maneno ya kusema hapa kila ngombe anakubaliwa. Hesabu itabaki sita kwa sita, lakini ile tupu haitazuiya muntu."

Ilikuwa jambo la dakika kumi. Nikamwita Maman Mukansanga, nikajaza mbili, nne nikaziacha wazi, nikabonyeza. Sasa hata mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo.

Mistari miwili. Wa kwanza: Rwimbogo, rangi ya kahawia, sikio la kulia limechanika. Wa pili: Bugarama, rangi ya kahawia, sikio la kushoto limechanika, hana hereni, ameokotwa kwenye mpunga wa mwanachama Gratien, ana pembe ndefu.

"Kushoto," Maman Mukansanga akasema. Kisha akapiga magoti pale pale sakafuni, akamshukuru Mungu kwa Kinyarwanda, akamshukuru Micheline kwa Kiswahili, na mimi nisiyestahili akanikumbatia. Nikamwomba msamaha. Akasema msamaha wa nini, na nikajua hata hilo alilisema kwa adabu.

Jumamosi tulikwenda kwa Mzee Kamali, mimi na Micheline. Mtamba alikuwa amesuguliwa mpaka anang'aa, na ule mpunga wa Gratien ulikuwa umemnenepesha. Mzee Kamali alitolewa nje kwenye kiti. Maman Mukansanga akaweka kamba mkononi mwake, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mzee, ulinipa wakati sikuwa na kitu. Batoto bangu bamekunywa maziwa yako. Aksanti."

Mzee alimpapasa mtamba shingoni, akafika kwenye lile sikio. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Ni muzuri sana," akasema. "Iko na miaka ngapi?"

Maman Mukansanga alinitafuta kwa macho katikati ya watu, akanipata, akatabasamu.

"Sijui, Mzee," akasema.

Mzee Kamali akacheka, na sisi wote tukacheka naye. Kisha wakaleta maziwa.